Kila Nikirekebisha Seva, Kuna Mtu Anairudisha Ilivyokuwa

Admin, nifichie jina, na ofisi usiitaje. Nina miaka thelathini na mbili, nimeolewa, nina mtoto mmoja ambaye hapa nitamwita Neema. Mimi na mume wangu ni mafundi wa mifumo kwenye ofisi inayopokea taarifa za korosho kutoka maghalani. Mimi niko Masasi, yeye kapangiwa Newala, anashuka kila Ijumaa.

Msimu ulipoanza mfumo ukawa unaganda. Programu yetu ina sehemu yake ya kumbukumbu kwenye seva, tunaiita hipu. Ikijaa, inasimamisha kila kitu ifagie taka, yaani data isiyotumika tena. Hipu ilikuwa ndogo mno kwa data za msimu, ikawa kazi yake ni kufagia tu. Nikaiongeza kidogo kidogo huku naangalia, maana ukizidisha, programu nyingine kwenye seva zinakosa nafasi. Ikatulia. Hata bosi alinipongeza.

Mnada wa korosho uliofuata, ikaganda tena. Wakulima wa Chiungutwa wamekaa juani na baiskeli zao, ghala haliwezi kupokea mzigo. Kufungua mipangilio, nakuta hipu imerudi kwenye udogo ule ule. Nikarekebisha. Mnada mwingine, vile vile. Bosi akanisema mbele ya watu kwamba kazi imenishinda. Mume wangu alikuwepo, kaitwa kikaoni kutoka Newala, ameinamia simu. Nyumbani akanikanda mabega, akaniambia kwa upole, "Mama Neema, labda husevu vizuri."

Neno la siri la seva tulilijua sisi wawili tu. Na nilishasikia kwamba bosi anatafuta mkuu wa kitengo kati yetu, jambo ambalo mume wangu hajawahi kulitaja kwangu. Nikabadilisha neno la siri bila kumwambia.

Newala maji ni shida, kwa hiyo akifika nyumbani kitu cha kwanza huwa ni kuoga. Ijumaa ile hata begi hakuweka chini.

"Umebadilisha neno la siri?"

Nikamuuliza alitaka kuingia kufanya nini. Akasema huwa anapunguza hipu kwa sababu programu yake ya ripoti inakosa nafasi. Kitaalamu inawezekana, sikuweza kumpinga.

"Sasa niliposemwa mbele ya watu, mbona ulinyamaza?"

Akachukua taulo akaenda kuoga.

Tangu hapo mfumo haujaganda. Analitaka neno jipya, anasema namdharau. Mama mkwe kanipigia, kaitikia shikamoo yangu tu, akaniuliza namficha nini mwanawe. Na bosi anataka maelezo Jumatatu, tatizo lilikuwa nini. Nikisema, baba wa mtoto wangu anaweza kufukuzwa. Nikinyamaza, nabaki mimi niliyeshindwa kazi. Labda kweli ilikuwa ripoti tu. Lakini siku hizi hata akinimiminia chai, namwangalia mikono.

Ndugu zangu, hasa mnaofanya kazi na wenzi wenu, nishaurini: Jumatatu nikiingia kwa bosi, niseme nini?