Ruhusa ya Mdomo

Pale ofisi ya maji walimwita Matangi, kwa sababu kila aliyetaka kujua ni tangi gani la mji limepungua alimwendea yeye. Kazi hiyo aliipata kwa mkono wa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, aliyekuwa msimamizi wa seva, ile kompyuta kubwa inayotumiwa na ofisi nzima. Mwanzoni watu walinong'ona kwamba amebebwa. Hakuwajibu. Alikaa kwenye meza yake nyuma ya kabati la mafaili, akajifunza kuandika programu kidogo kidogo, hadi ile kazi ya kunakili vipimo vya matangi kwa mkono ikawa inafanywa na kompyuta wakati yeye anakoroga chai. Minong'ono ikajifia yenyewe.

Kilichomsumbua ni moduli, yaani vipande vya programu ambavyo watu wengine wamekwisha kuviandika. Unavipakua mtandaoni na kuvitumia badala ya kuanza kila kitu upya. Alitaka kimoja cha kuchora grafu na kingine cha kusoma tarehe. Lakini kuviweka kwenye seva, mahali pa watu wote, ilikuwa kazi ya msimamizi, na msimamizi alikuwa mtu wa kesho.

"Shemeji, ile moduli?"

"Kesho, shemeji yangu."

Kesho ikifika, ana mkutano.

Jumapili moja alikwenda kula chakula cha mchana kwa dada yake, kama ilivyokuwa desturi yao. Mezani akaanza tena habari ya moduli. Dada, upawa mkononi, akacheka. "Nyie kutwa kupakua, kupakua, na anayepakua hapa ni mimi peke yangu!"

Shemeji naye akacheka, kisha akasema, "Sikia. Kila mtumiaji ana nyumba yake ndani ya seva, si ndiyo? Basi jitengenezee saraka yako, yaani folda, humo humo, halafu uiambie lugha yako ya programu itafute moduli humo kwanza. Weka unachotaka, hutagusa cha mtu. Usinisumbue tena."

"Una hakika? Isije ikawa kesi."

"Msimamizi ni mimi. Nani wa kukuuliza?"

"Mwache mwenzio ale," dada akasema, akamwongezea mchuzi.

Jumatatu Matangi akafanya alivyoelekezwa. Alitengeneza saraka kwenye sehemu yake, akaiita stoo. Akaongeza maelezo kwenye faili la mipangilio ili kila anapoingia kwenye seva, lugha ijue njia ya kwenda stoo. Haikukubali mara moja. Moduli ya grafu ilidai moduli nyingine, na hiyo nayo ikadai nyingine, kama mgeni anayekuja na wageni wake. Akazipokea zote, akazipangia mahali pa kukaa. Grafu ilipotokea kwenye skrini, alipiga kofi peke yake hadi mhudumu wa ofisi akachungulia kuona kuna nini.

Grafu zile hazikuwa mapambo. Zilionyesha kwamba tangi la mlimani linashuka hata saa ambazo mabomba yote ya kutolea maji yamefungwa. Mafundi wakaenda, wakachimba, wakakuta bomba limepasuka chini ya barabara. Mtaa wa juu, uliokuwa umezoea kupanga ndoo, ukapata maji. Mkurugenzi, mama mmoja asiye na maneno mengi, alimpongeza mbele ya watu. Shemeji akasimama kando yake na kusema kwa sauti, "Huyo ni wa kwetu!"

Kisha seva ikaingiliwa. Mtu wa nje alipata mlango na kuitumia kutawanya barua pepe za utapeli kwa jina la ofisi. Wateja wakapiga simu kwa hasira, na mkurugenzi akaitisha kikao cha kutaka maelezo.

Asubuhi ya kikao dada alimpigia simu. "Vaa ile blauzi ya bluu, mdogo wangu. Inakupendeza." Matangi alifurahi, akaivaa.

Kwenye kikao shemeji alisimama, akawasha projekta. Ukutani ikatokea stoo yake na moduli zake zote. Shemeji akaeleza kwamba kuna mtumiaji aliyejiwekea vitu vya mtandaoni bila idhini, na kwamba huenda hatari iliingilia hapo.

"Nani alikuruhusu?" mkurugenzi akauliza.

Matangi alimgeukia shemeji yake. Bado alidhani kuna kitu hakijaeleweka. "Shemeji, si wewe uliyeniambia pale mezani..."

"Hapa kazini tuitane kwa vyeo," shemeji akasema. Hakumtazama. "Na mazungumzo hayo siyakumbuki."

Siku hiyo hiyo stoo ikafutwa. Matangi akaondolewa kwenye seva, akapelekwa dirisha la malalamiko. Huko, wale wale wa mtaa wa juu walimfokea kwa sababu ya barua pepe.

Jioni alikwenda kwa dada yake. Alimkuta anakunja nguo sebuleni, peke yake.

"Dada, yale maneno ya mezani uliyasikia?"

"Niliyasikia."

"Basi njoo umwambie mkurugenzi. Maneno hayo hayo tu."

Dada akalaza shati la mumewe kwenye mapaja, akaanza kulinyoosha kwa kiganja. "Nisimame mbele ya watu nimwumbue mume wangu? Akifukuzwa, watoto nitawalisha nini? Wewe uko peke yako, utavumilia. Damu ni nzito kuliko maji."

"Si ndiyo maana nimekuja kwako?"

Dada akalikunja lile shati. Hapo ndipo Matangi alipoikumbuka ile simu ya asubuhi.

"Uliponiambia nivae blauzi... ulikuwa unajua?"

"Aliniambia jana." Sauti ya dada ilikuwa ndogo. "Nilitaka angalau uwe umependeza."

Matangi alitoka bila kuaga. Baadaye alisema kwamba la shemeji lilimuuma kama jino, lakini la dada hakujua hata aliite nini. Huyu ndiye aliyemsuka nywele, aliyemfundisha kusoma, aliyemficha nyuma ya mgongo wake kila mama yao alipokasirika. Na ndiye aliyemchagulia nguo ya kuaibikia.

Ofisi ilileta wataalamu wa nje waikague seva. Walikuta mwizi aliingia kwa akaunti ya mhasibu aliyestaafu zamani, ambayo ilipaswa kufungwa na haikufungwa. Kufunga akaunti ilikuwa kazi ya shemeji. Stoo ya Matangi, walisema, haikuwa na kosa lolote. Shemeji akapewa onyo na kuhamishiwa tawi jingine, kazi hakupoteza. Kumbe ile njaa waliyoiogopa hata wakamtoa kafara mdogo wao isingekuja.

Mkurugenzi alimwita Matangi na kumrudishia meza yake. Hakuomba radhi, ila alimwuliza anahitaji nini.

"Saraka yangu," Matangi akasema. "Na mara hii idhini iwe ya maandishi."

Akaanza upya, moduli moja baada ya nyingine. Zile grafu zikarudi, na kazi ikaendelea vizuri kuliko mwanzo. Lakini Jumapili alikuwa anajipikia mwenyewe. Dada alipofika kumtembelea alimfungulia mlango, akamkaribisha chai, wakazungumza kuhusu magoti ya mama na ada za watoto. Yaliyokuwa moyoni hakumpa.

Alipohama nyumba, dada alizipata habari kwa mama yao. Akapiga simu.

"Umehama, hata mimi hukuniambia?"

"Nilisahau, dada," Matangi akajibu.

Dada akamwuliza kama mtaa mpya una maji ya kutosha. Matangi akamwambia yapo.