Shangazi wa Letisia na kona ya Kwa Lohay

Saa kumi na mbili na robo asubuhi ukungu bado umeukalia Mlima Hanang, na Letisia Sulle anafuta kioo cha Noah yake kwa gazeti la juzi. Baridi ya Mogitu haina adabu. Amevaa sweta mbili na kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe, na bado anapuliza viganja.

Akimaliza kioo anapanda, anafunga mlango mara mbili kwa sababu mara ya kwanza haushiki, halafu anafanya jambo ambalo abiria wake wote wanalijua na baadhi wanalilalamikia. Hawashi gari. Anachukua simu, anaibana kwenye dashibodi kwa kipande cha mpira wa baiskeli, anavaa miwani na kuanza kuandika herufi moja moja, midomo ikitembea.

"Mwalimu, nisomee hapa," anamwambia abiria wa kiti cha mbele. "Nimeandika nini?"

"Endasak."

"Ile ya Hanang?"

"Hiyo hiyo, dada Letisia. Twende basi, tunachelewa!"

"Heri kuchelewa kwenye njia ya kwenyewe," anajibu, ndipo anapiga ufunguo.

Mara sauti ya mwanamke inatoka simuni, Kiingereza kitupu, ikimtaka aelekee barabara kuu kisha akate kushoto. Letisia anaitikia kwa Kiswahili kama mtu aliyetumwa dukani. "Haya Shangazi, nimekusikia." Nyuma watu wanacheka. Wamezoea.

Letisia ana miaka thelathini na tisa. Alizaliwa Mbulu mjini, akaolewa Mogitu, na leo ni mwaka wa saba anashika usukani. Siku za kawaida anabeba abiria, magunia ya vitunguu saumu na mara nyingine mbuzi mwenye tiketi yake. Tena ni mmoja wa madereva waliokubali kupigiwa simu saa yoyote mjamzito anapohitaji kufikishwa kituo cha afya. Mpaka sasa amewabeba akina mama arobaini na saba, na majina yao yote anayakumbuka.

Simu yenye ramani aliinunua miaka mitatu iliyopita baada ya kuuza ndama. Binti yake Oliva, aliyekuwa kidato cha kwanza wakati huo, ndiye aliyemfundisha. Jina la Shangazi lilikuja siku hiyo hiyo.

"Sisi kwetu shangazi ndiye anajua kila nyumba na kila njia, na anaamrisha hata baba yako," anasema Letisia. "Huyu naye ni hivyo hivyo. Tofauti ni moja tu: ukimkosea hanuni. Anakwambia geuza gari, basi, yameisha. Shangazi yangu wa kweli angeninunia mpaka Krismasi!"

Kiingereza chake kiliishia darasa la saba, lakini kushoto na kulia vya Shangazi amevishika barabara. Kinachomchekesha ni matamshi. Mogitu inakuwa Mojitu. Katesh inavutwa mpaka inakuwa kijiji cha Ulaya. Watoto wa shule wakipanda, wanamwigiza Shangazi njia nzima, naye Letisia anawaacha.

Lakini Shangazi hajui kila kitu, na Letisia hapendi kujifanya anajua. Baada ya yale maporomoko ya tope ya mwisho wa mwaka 2023, alimpeleka mama mmoja Jorodom kutazama palipokuwa nyumba ya dada yake. Kwenye simu kichochoro kilikuwepo vilevile. Shangazi akasema endelea mbele mita mia mbili. Mbele kulikuwa na matope makavu na mawe.

"Hakuwa na habari za msiba," anasema Letisia polepole. "Nani angemwambia? Niliizima ile simu, tukakaa tu na yule mama. Siku ile nilielewa kuwa huyu anajua alichoambiwa na watu. Asipoambiwa, hajui."

Hilo alilielewa mapema. Somo la pili lilimgharimu zaidi, na ndilo lililozaa ule utaratibu wa kuandika gari likiwa limesimama.

Ukiitazama ramani ya Mbulu na Hanang utadhani aliyetoa majina alikuwa anafukuza watu. Endasak, Endagaw, Endagikot, Endamilay. Enda, enda, enda! Mgeni akiuliza njia anaambiwa "Enda-fulani", naye anafikiri anaamriwa aondoke. Wenyeji hawachanganyi kamwe, maana masikio yao yanasubiri mwisho wa jina. Kidole kwenye kioo cha simu hakisubiri.

Ilikuwa Aprili mwaka juzi, saa nane mchana, mvua imetoka kukatika. Letisia alikuwa anarudi kutoka mnadani, gari tupu, simu ikaita. Mratibu wa usafiri wa wajawazito alikuwa na maneno machache: mama yuko kwenye uchungu kitongoji cha Endamari, mimba ya pili, anaitwa Agatha, wahi.

"Nilimwambia nawahi, na kweli nilitaka kuwahi," anasimulia. "Sikusimama. Mkono mmoja usukani, mwingine kwenye simu. Nikaandika E-n-d-a-m-a-r, yakashuka majina mawili. Gari likaruka shimo. Kidole kikagusa la juu."

La juu lilikuwa Endamaray.

Shangazi akaanza kuongoza kwa kujiamini kama kawaida yake, na Letisia akamfuata, akili yote iko kwa Agatha. Anakiri kwamba njia ilimshangaza kidogo, maana alidhani Endamari iko upande wa mlimani, na huku alikuwa anazidi kushuka kwenye mashamba ya ngano. Akajisemea Shangazi amepata njia ya mkato.

Dakika ishirini baadaye Shangazi akatangaza kwamba wamefika. Palikuwa na alizeti kulia, alizeti kushoto, na mzee mmoja anasukuma baiskeli.

"Shikamoo baba. Kwa akina Agatha ni wapi?"

"Marahaba. Agatha yupi, mwanangu? Hapa Endamaray hatuna Agatha."

"Endamari?"

"Endama-RAY. Endamari umeiacha kule, chini ya mlima."

Letisia anaposimulia hapa anavua miwani. Anasema aligeuza gari juu ya alizeti za watu na kuondoka bila hata kuaga. Alilia njia nzima. Dakika ishirini za kwenda na ishirini za kurudi, jumla arobaini, na mama wa watu anasubiri.

Alimkuta Agatha amejishikilia mlangoni, jasho linamtoka, mama mkwe wake Rogathe amemkumbatia kiunoni. Rogathe ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Hakumsalimia dereva. Alisema tu, "Ulikuwa umelala?"

Wakapanda. Letisia akaweka safari ya kituo cha afya na kuondoka. Hawakufika mbali. Kwenye kona ya korongo, kando ya shamba la maharage la mzee Yohanes, Agatha alimshika Letisia bega kwa nguvu.

"Dada, simama. Anakuja."

Na alikuja kweli. Rogathe alimpokea mjukuu wake kwenye kiti cha nyuma, Letisia ameinua kitenge kuziba upepo. Shangazi, ambaye hakuna aliyekumbuka kumzima, aliendelea kuwahimiza waende mbele mita mia nane.

"Mwambie huyo mwanamke anyamaze!" alifoka Rogathe.

Kisha pakawa kimya, kwa sababu mtoto naye hakulia. Rogathe alimgeuza, akamsugua mgongo, akampulizia usoni, akamsugua tena. Letisia anasema hajui ni muda gani ulipita na hataki kujua. Anachokumbuka ni mzee Yohanes amesimama kwenye maharage yake na jembe begani, kofia mkononi, anasali kwa Kiiraqw. Halafu mtoto akapiga kelele, kelele ya hasira, na watu wazima wanne wakalia pamoja naye.

Kituoni mama na mtoto walikutwa wazima. Muuguzi aliyewapokea alisema neno moja tu, na hakulisema kwa ubaya: "Mngewahi nusu saa, mngezalia kitandani."

Letisia alirudi nyumbani, akaifungua simu kwenye mpira wake na kuifungia kabatini chini ya mashuka. Mratibu alipopiga simu kesho yake, alimwambia gari ni bovu. Gari lilikuwa zima. Kila aliyesikia habari alimpa pole na kuilaumu ramani, kwamba hizi simu zinapoteza watu, kwamba Wazungu waliochora hawajui Mari na Maray. Naye akanyamaza, akaacha Shangazi abebe lawama.

"Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa," anasema. "Changu kilitosha kutaka kuua mtoto. Na nilikuwa nakificha."

Siku ya tisa aliitwa Endamari. Mzee Yohanes na Rogathe walitaka kumwona. Alijua wazee wa zamani walichukulia kwa uzito damu ya uzazi kumwagika shambani kwa mtu, na kwamba yale maharage pia yalikanyagwa. Alibeba sukari kilo mbili na khanga mpya, akaenda.

Alikuta chai ya maziwa na viazi. Mzee Yohanes ndiye aliyeanza. "Hiyo simu yako, mwanangu, ni jinga. Itupe."

Hapo Letisia aliweka kikombe chini. "Shikamooni tena wazee wangu. Simu haikukosea. Iliniletea Endamari na Endamaray, zote mbili. Mimi niligusa gari likitembea, sikusoma. Kosa ni langu, na nimewaacha watu waseme ni la simu."

Agatha aliinamia mtoto. Mzee alitazama chai yake. Rogathe akauliza, "Kwa nini hukusimama?"

"Nilitaka kuwahi, mama."

"Ukawahi?"

"Sikuwahi."

"Basi siku nyingine simama." Rogathe akamega kiazi, akampa nusu. "Nilikuona ulivyokuwa unalia pale mlangoni, nikajua kuna jambo. Nilikuwa nasubiri ulitoe mwenyewe. Sasa sikia. Mratibu anasema gari lako bovu, na sisi tumeliona limekuja hapa linanguruma. Agatha bado ni msichana, atazaa tena. Unataka nani aje kumchukua? Yule mlevi wa pikipiki?"

Letisia anacheka akikumbuka, na machozi yanamtoka hapo hapo. "Nilidhani nimeitwa kufukuzwa. Kumbe nimeitwa kurudishwa kazini!"

Kisha akaambiwa jina. Kwa Wairaqw mtoto aliyezaliwa safarini huitwa Lohay, yaani wa njiani, na huyu hapakuwa na jina lingine la kumfaa. Mzee Yohanes akauliza kama ni kweli kwamba mtu anaweza kumwambia Shangazi jina la mahali naye akalishika. Letisia akasema ndiyo, inawezekana.

"Basi mwandikie pale kwenye kona yangu. Na usiandike ukitembea."

Walitembea kwa miguu mpaka korongoni. Letisia alisimama kando ya maharage, akavaa miwani, akaandika Kwa Lohay. Mzee alimfanya asome mara mbili, akitaka kuhakikisha ile H ipo.

Tangu siku hiyo Letisia hakuacha. Mjamzito akifikisha miezi saba, anaenda kwake siku ambayo hakuna haraka, anasimamisha gari uani na kuiweka nyumba kwenye simu kwa jina ambalo jirani yeyote angelitaja. Kwa Mama Fausta Juu. Kwa Fundi Pascal, Nyuma ya Mashine. Ameshaweka nyumba sitini na tatu. Vitongoji vyote vya Enda amevirekodi kwa sauti yake mwenyewe ili visichanganyike, na madereva wengine wawili wa Hanang sasa wanajifunza kwake. Ombi lake kwao ni moja. "Macho barabarani, masikio kwa Shangazi, vidole usukani. Na ukiona mtu, muulize. Kuuliza si ujinga."

Ile methali ya haraka na baraka haitaki kuisikia. Anasema ameilipia.

Jua limeshapanda, mwalimu ameshashushwa Endasak kwa kunung'unika, na Noah sasa inakwenda upande wa mlimani. Safari hii ni ya kliniki. Agatha ana mimba nyingine, ya miezi minane, na wamekubaliana wakutane kwenye kona ili gari lisihangaike na matope ya kitongojini. Nyumba yake iko kwenye simu tangu mwezi uliopita. Letisia alikwenda kuiweka mwenyewe, akaisoma mbele ya Rogathe, na Rogathe akaidhinisha.

Kwenye korongo anapunguza mwendo. Mzee Yohanes ananyoosha jembe juu kusalimia. Agatha amesimama kando ya barabara na kadi yake ya kliniki, na mtoto wa miaka miwili, buti zake zimekosewa miguu, amemshika sketi.

Gari linasimama, dirisha liko wazi, na Shangazi anatangaza kwa Kiingereza chake cha puani kwamba wamefika Kwa Lohay. Amelitamka vibaya kama kawaida, Lohei. Mwenye jina hata hivyo amelisikia.

"Naam!" anaitikia Lohay kwa sauti kubwa, akiitazama simu.

Letisia anacheka mpaka anaegemeza paji la uso kwenye usukani. Anashuka, anamfungulia Agatha mlango wa nyuma, anamwekea mto mgongoni na kumsubiri atulie kabisa. Karatasi yenye tarehe ya kujifungua ameibandika kwenye kioo, imebaki wiki nne. Usiku anaegesha gari likitazama barabarani, tangi limejaa.

"Huyu anayekuja," anasema, akifunga mlango mara mbili, "wampe jina lolote wanalolitaka. Lisiwe la njiani tu."