Nani Alikula Chakula cha Zeferino?

Asubuhi ya Krismasi nilinyata kwenda jikoni kuiba chakula cha marehemu, nikakuta kimeshaliwa.

Sitanii. Sahani ilikuwa tupu. Miiba ya samaki imepangwa pembeni, divai imebaki tone moja chini ya glasi. Kiti nilichokisogeza mwenyewe mezani kilikuwa kimevutwa nyuma, kama mtu kashiba akaondoka zake.

Ilikuwa sahani ya kaka yangu Zeferino. Na Zeferino alizama baharini miaka tisa kabla ya asubuhi hiyo.

Wadau, mnanijua. Mimi ni Idalina, yule wa kuwaelekeza mnaotaka kuja Ureno. Kila wiki mnaniuliza yale yale. Jua lipo? Lipo, hata Desemba. Bahari nzuri? Nzuri mpaka inakera. Samaki wa kuchoma je? Mtakula mpaka mtafute pa kulala, na pa kulala ni kwetu, vyumba vitatu, ufukwe uko mbele ya mlango.

Leo nawaambia kitu ambacho huwa sikiweki kwenye matangazo yangu.

Kwenye picha za nyumba yetu mmeona bibi mmoja wa nguo nyeusi, amekaa kwenye kiti kando ya mlango wa jikoni ulio wazi. Wageni wanampenda kweli. Wanampiga picha yeye na paka, wanaandika chini yake, "Ureno halisi."

Huyo ni mama yangu, na hakukaa pale kwa ajili ya picha.

Boti ya Zeferino ilipinduliwa na wimbi pale pale kwenye lango la bandari, watu wanaona kwa macho. Wenzake wawili walipatikana. Yeye bahari haikumrudisha.

Mama hakuona maiti. Hakuzika. Kwa hiyo kwake hakuna aliyekufa.

"Mtoto wangu hakuchukua ufunguo," alisema jioni ile, basi.

Tangu hapo mlango wa jikoni haukutiwa komeo, na mama akawa analala kwenye kile kiti. Joto, baridi, mvua, yeye na blanketi lake pale mlangoni. Wageni wakiniuliza kwa nini bibi halali kitandani, nawajibu ni mila yetu, anapenda upepo. Nao wanaiandika hiyo, wanaona wamejifunza jambo.

Upepo wenyewe ukamwingia kifuani. Mwaka ninaowasimulia alikuwa anakohoa mpaka anashika ukuta. Daktari akanivuta kando.

"Lina, majira mengine ya baridi kwenye kiti kile, utamzika mama yako."

Nikampelekea mama maneno hayo kama yalivyo.

"Basi nife niko macho," akanijibu.

Nililia, nikagomba, nikamtishia kuuondoa mlango nijenge ukuta. Akaniangalia tu. Mama yangu ukimtishia anakutazama kama unavyotazama mtoto anayechezea unga.

Ikafika mkesha wa Krismasi.

Kwetu usiku huo familia ikishakula, meza haiondolewi. Kila marehemu wa nyumba anawekewa sahani yake, samaki wa chumvi, viazi, kabichi, mafuta ya zeituni, na divai kidogo. Wanakuja kula sisi tukiwa kanisani au tumelala. Ni mwiko mtu aliye hai kukanyaga jikoni mpaka kuche.

Baba ana sahani. Babu na bibi wana sahani. Zeferino hakuwahi kuwekewa, kwa sababu mama alisema wazi, mtu aliye hai halishwi pamoja na wafu.

Mwaka huo tulikuwa watatu mezani, mama, mimi na shangazi Custódia, dada yake marehemu baba. Mgeni tuliyekuwa naye, Mnorwei mmoja kijana anaitwa Eivind, alikuwa ameaga mchana. Alikwenda kushika basi, akatembee kwa miguu kando ya bahari huko kusini, arudi baada ya sikukuu kuchukua begi lake kubwa.

Shangazi Custódia mdomo wake hauna mlango. Alipomaliza glasi ya pili akafuta midomo, akamgeukia mama.

"Wifi, mwekee mtoto sahani."

"Custódia, usinianze."

"Nakuanza. Miaka tisa wafu wenzake wanakula, yeye anasimama hapo nje anawaangalia. Kwa nini? Kwa sababu mama yake mbishi. Wewe unamnyima mwanao chakula, Hermínia."

Jamani. Nilitamani meza inifunike.

 Mkono wa mama ukabaki juu ya mkate. Kisha akainuka taratibu, akafungua kabati, akatoa sahani ya nne akaiweka upande wa dirishani, alipokuwa anakaa Zeferino.

"Haya, nimeweka," akasema. "Lakini sikilizeni nyote wawili. Kikiliwa, nitajua mwanangu katangulia. Nitamsomeshea misa na nitalala kitandani kwangu. Kisipoliwa, yu hai, na asinigusie mtu tena habari ya kiti."

Akapanda ngazi kwenda chumbani anakohoa, maana usiku huo hata yeye haruhusiwi kukaa jikoni. Miaka mingine alikuwa anakitoa kiti nje. Mwaka huo kifua kilimkatalia.

Sasa shida ni hii. Chakula cha marehemu huwa hakiliwi. Asubuhi tunakikuta kilivyo, tunasema wamekula harufu, tunampa paka. Mama analijua hilo kuliko sote. Nikaona kabisa kwamba ametufunga.

Njiani kwenda kanisani na shangazi, akaninong'oneza.

"Wewe una tumbo au huna?"

"Shangazi!"

"Nauliza tu. Mimi nina kisukari, daktari kanikataza viazi."

"Ni dhambi kubwa hiyo."

"Dhambi ni kumzika mama yako kwa sababu ya kipande cha samaki."

Nikakubali. Ila kula na wafu gizani sikuthubutu, nisiwadanganye. Tuliporudi kutoka misani tukaingilia mlango wa mbele, nikapanda kulala, nikajiambia nitashuka kukipambazuka, nimalize kazi kabla mama hajaamka.

Nikashuka. Nikakuta nilichowaambia.

Sahani tatu hazijaguswa. Ya Zeferino peke yake ndiyo imeliwa.

Nilisimama pale na uma mkononi. Kisha nikasikia mtu nyuma yangu kwenye ngazi. Mama.

Alipita kando yangu, akaitazama ile sahani kwa muda. Akagusa mgongo wa kiti kwa vidole. Hakulia.

"Kimeliwa," akasema.

Akaenda mlangoni, akavuta komeo. Lilikuwa limeshika kutu, ikabidi nimsaidie kulisukuma. Halafu akaniambia kile kiti chake nikipeleke stoo, akapanda kitandani, akalala mpaka mchana.

Mimi nikakimbilia kwa shangazi bila hata kuchana nywele.

"Shangazi, ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Uliyekula!"

"Na kisukari changu? Si tulikubaliana wewe?"

Tukatazamana. Shangazi Custódia, mwanamke asiyeogopa hata askofu, akapiga ishara ya msalaba mara mbili.

Paka, mtasema. Paka gani anakunywa divai? Paka gani anapanga miiba?

Siku zilizofuata sikukaa jikoni peke yangu. Nililala na taa inawaka. Nikisikia maji yanatiririka bombani, moyo unaruka. Nilianza kumwogopa kaka yangu niliyempenda, aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Na kilichoniuma zaidi nitawaambia bila aibu: alikuja nyumbani, akala, akaondoka, na hakuniamsha. Nililia kwa ajili hiyo kuliko nilivyolia alipozama.

Mama alisomesha misa. Jina la Zeferino likasomwa kanisani pamoja na wafu wengine, mama kasimama wima mstari wa mbele. Kikohozi kikaanza kupungua.

Kesho yake akarudi Eivind kuchukua begi. Uso umeungua jua, viatu vimechakaa. Hata hakukaa vizuri, akaniambia kwa Kiingereza, "Dada Lina, nisamehe kwa kile chakula."

"Chakula gani?"

"Cha Krismasi. Basi liliniacha usiku ule. Nikatembea kurudi kwenye mvua, nikakuta mlango wa jikoni wazi na nyumba kimya. Nilitaka kupanda chumbani tu, naapa. Mama yako akashuka."

Nikakaa chini. "Alishukaje?"

"Mbio. Sikujua mzee anaweza kukimbia hivyo. Alipofika kwangu akanishika uso kwa mikono miwili, akanitazama mpaka nikaona haya. Kisha akanivutia kiti cha dirishani. Kireno changu unakijua, nilielewa neno moja tu. Kula. Nilitaka kuacha kidogo kwa adabu, akanisukumia sahani mpaka ikaisha. Nikaondoka alfajiri, sikutaka kuwaamsha."

Nilipanda juu na hasira, na woga, sijui na nini. Mama alikuwa kwenye chumba cha Zeferino, madirisha yote wazi, anakunja mashuka.

"Mama, ulijua aliyekula."

"Nilijua."

"Ukatuacha siku zote hizi tunatetemeka? Mimi nalala na taa!"

"Niliona. Umeme utaulipa wewe."

"Mama!"

Akaweka shuka kitandani. Akanionyesha nikae.

"Idalina, miaka tisa nangoja mlango ule ufunguke. Usiku ule niko kitandani, nikausikia unafunguka. Nikasikia hatua za mwanamume, viatu vimejaa maji. Nilishuka ngazi zile kama msichana. Mwanangu, kwenye ngazi zile Zeferino alikuwa hai. Nilikuwa nimeshamsamehe kwa kuchelewa."

Akalainisha shuka kwa kiganja. 

"Nikafika chini. Nikaushika ule uso, nikamtafuta mwanangu humo ndani. Hakuwemo. Mlango uliofunguka ndio ule niliokuwa naungoja, na aliyeingia si yeye. Hapo ndipo nilipomwona maiti wangu."

"Sasa kwa nini ulimlisha yule?"

"Alikuwa amelowa na ana njaa. Na yeye ana mama mahali fulani, huenda naye kakaa mlangoni."

"Na sisi je? Kwa nini hukutuambia?"

Mama akachukua shuka jingine.

"Ninyi mlitaka kunidanganya kwa sahani, nikawaachia sahani yenu. Asubuhi ile ulisimama jikoni umeshika uma, Idalina. Ulidhani sikuuona?"

Nilicheka huku machozi yananishuka. Tukakunja mashuka yote pamoja, kisha Mnorwei tukampa chumba kile alale siku yake ya mwisho. Mama ndiye aliyesema apewe.

Wadau, wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ukiwa na mtu wako anayemngoja asiyerudi, usimtungie hila ili ainuke. Mfunike blanketi, mletee supu, kaa naye. Siku yake itafika atashuka mwenyewe kwenda kuona aliyeingia ni nani, na hapo hutamsaidia kitu zaidi ya kuwa karibu.

Mama sasa analala kitandani. Upepo wa bahari ukiutikisa mlango wa jikoni, anageukia upande wa pili na kuendelea kukoroma.

Anayeinuka kusikiliza ni mimi.