Kuita Kanga Nambilanje

Kanga walikuwa wanafukua mbegu za mahindi shambani kwa shemeji yangu Salumu, kaka wa mke wangu, kule Nambilanje. Alikwishapanda mara mbili, na akiba ya mbegu ilikuwa inaisha. Kibali cha kuwinda anacho, bunduki ya marisau anayo, ila mafua yalikuwa yamemkausha sauti. Akanipigia simu, akinong'ona: "Shemeji, njoo uniitie kanga." Mimi tangu utoto naiga ndege yeyote. Sikuulizwa mara mbili.

Asubuhi niliondoka nyumbani Mnero kwa pikipiki. Nachingwea nikajaza mafuta, Ruangwa nikanywa chai kwa mihogo, kisha nikashika njia ya tope katikati ya mikorosho. Jioni nilikuwa kwa Salumu.

Alfajiri, baada ya swala, tulijificha ukingoni mwa shamba, migongo tumeegemeza kwenye kichuguu. Kanga walikuwa bado mtini. Nikaweka mikono mdomoni. Salumu akanishika.

"Bado. Aliye juu anakuona. Waache washuke, ndipo uite. Mara mbili, unyamaze."

Waliposhuka, niliita: che-kwe, che-kwe! Wakajibu. Nikanogewa, nikaita tena na tena. Ghafla wakapiga kelele za hofu, wakaruka kila upande.

"Usikimbie," Salumu akanong'ona. "Kulia kwako."

Nyasi zilifunguka. Chui alikuwa amejikunyata, macho kwangu, tayari kumrukia kanga aliyekuwa akiita.

"Simama polepole, aone wewe ni mtu."

Nilisimama. Chui akanitazama kama aliyebisha hodi nyumba siyo, akageuka, akaenda zake.

Nilitaka turudi. Salumu akakataa: "Sasa ndio wakati. Wametawanyika, wanatafutana."

Tulihamia upande wa pili. Niliita mara mbili, nikanyamaza. Kanga watatu wakatoka mbio kwenye majani. Bunduki ililia, wawili wakaanguka. Kundi lililobaki likavuka bonde, na wiki hiyo Salumu akapanda kwa mara ya tatu. Safari hii mahindi yakaota.

Nilirudi Mnero na kanga mmoja. Mke wangu alikuwa anamnyonyoa nilipomsimulia. Nikamwambia nilichojifunza: ukiita kanga, unamwita na anayekula kanga, ita kidogo, ulinde mgongo.

Akaacha kunyonyoa. "Chui mzima alidanganyika?"

"Mzima."

"Basi kaka yangu hakukosea kukuita wewe."

Na hilo, kusema kweli, mimi pia nalijua.