Sema Unachokiona

Mume wangu amefundisha nusu ya mji wetu kuendesha gari, na nusu iliyobaki inamwogopa. Wanamwita Mwalimu Breki, kwa sababu ya ile breki ya pili iliyo miguuni pake, upande wa abiria, ambayo huikanyaga kabla mwanafunzi hajajua amekosea nini. Mimi namwita Mwalimu tu. Tuna miaka thelathini na moja ya ndoa, na katika mji mzima mtu pekee aliyekataa kumfundisha ni mimi. "Nikikufundisha tutaachana," aliniambia mwaka wa kwanza, nami nikamwachia. Nina cherehani yangu, nashona sare za shule, na ninapotaka kwenda popote nina dereva wa bure.

Shule yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu: viti sita, meza yenye vigari vya plastiki, na ubao wa alama za barabarani aliouchora kwa mkono wake. Chumba cha nyuma ni changu. Ukuta baina yetu ni mwembamba, kwa hiyo somo lake nimelisikia mpaka naliota. Kanuni yake kubwa ni moja. Mwanafunzi akishika usukani lazima aseme kwa sauti kila anachokiona: mtu, shimo, taa, baiskeli, mbwa. "Sema unachokiona," humwambia. "Usichokisema, hujakiona."

Kitinda mimba wetu alipomaliza masomo alianza kumganda baba yake amfundishe. Mwalimu akampangia Jumatatu, siku mbili baada ya sisi kurudi safari. Safari gani? Ndiyo kwanza nilikuwa naisikia. Nchi ya nje, akasema, wiki mbili, tutakodi gari tufuate pwani mji kwa mji. Huyu ni mtu ambaye hata kumtoa nyumbani Jumapili ni shughuli. Nikamwuliza kama amechanganyikiwa. Akacheka, akageuza uso kando kidogo na kunitazama kwa pembe ya jicho, kama alivyokuwa akinitazama mwaka ule wote. Nilidhani ananitongoza upya. Nikaenda kununua viatu.

Tulikabidhiwa gari dogo jeupe kwenye maegesho ya uwanja wa ndege. Alilizunguka lote akilipapasa, akaketi kwenye usukani, akafunga mkanda. "Haya, mama," akasema. "Leo mwanafunzi ni wewe. Sema unachokiona."

Sitaki uongo, nilifurahi kama mtoto. Miaka thelathini na moja nimesubiri nje ya darasa hilo! Nikasema yote. Taa nyekundu. Sasa ya kijani. Basi linasimama kushoto. Mwanamke na kigari cha mtoto. Mji wa kwanza ulikuwa wa bandari, wenye winchi ndefu na malori mengi. Wa pili ulikuwa wa hoteli nyeupe na watu waliolala mchangani kama nguo zilizoanikwa. Wa tatu sikumbuki, kwa maana nilikuwa nataja tu. Jioni sauti ilinikauka. Mwalimu alinisifu mezani, akasema nina jicho, akanipa orodha ya vyakula nimsomee kwa sababu miwani ameisahau chumbani.

Siku ya nne tulisimama ufukweni kwenye vyuma vya kuegemea. Mbele yetu meli ilikuwa imetia nanga, kubwa kama jengo la ghorofa kumi. Mwalimu akavuta hewa, akauliza, "Kuna meli?"

"Hapana," nikamjibu, "hiyo ni nyumba ya shangazi yako."

Akacheka, lakini alichelewa kidogo kucheka. Nikaliona hilo, nikalipuuza.

Siku ya sita koo lilikuwa linawasha. Tulikuwa tunapita polepole kwenye mtaa wa maduka, nikainama kutafuta pipi ya kikohozi mkobani. Nilinyamaza kwa muda wa kumenya pipi moja tu. Nilipoinua uso, mzee mwenye mkongojo alikuwa mbele ya gari letu kabisa. Nikapiga kelele, Mwalimu akakanyaga breki, na bampa likagusa mfuko aliobeba yule mzee. Vitunguu vikabingirika barabarani. Alitutukana kwa lugha yao, na sura yake ilitosha kututafsiria.

Mwalimu akavuta breki ya mkono. Kisha akanigeukia kwa hasira. "Kwa nini hukusema?"

Hakusema hakumwona. Alisema kwa nini sikusema. Nikaomba radhi, mimi mjinga, na tulikuwa tumeshatoka mjini ndipo maneno yale yaliponirudia. Nikaanza kukumbuka. Zamani yeye ndiye aliyenitungia uzi kwenye sindano, kila jioni, kwa mzaha kwamba macho yangu yamezeeka. Aliacha mwaka juzi. Vidole vimekufa ganzi, alisema. Na tangu lini mtu huyu anasahau miwani kila mlo?

Siku mbili zilizofuata nilitaja kila kitu, mpaka vivuli. Usiniulize miji ile ilikuwaje. Mguu wangu ulikuwa ukikandamiza sakafu mahali ambapo breki ya pili ingekuwa, na haikuwepo.

Siku ya tisa tulipanda barabara ya mlimani, ukuta wa mawe mkono huu, bahari chini kabisa mkono ule. Ilikuwa asubuhi nyeupe, jua kali, barabara imenyooka mbele yetu haina hata jani. Nikasema, kwa sauti ileile ya siku zote, "Ng'ombe."

Akafunga breki. Gari likasimama katikati ya njia. Alishika usukani kwa mikono miwili, macho mbele, akasubiri. Nami nikasubiri, nikiomba aseme, "Ng'ombe gani, wewe mwanamke?" Nilimwomba Mungu mume wangu anitukane.

"Ameshavuka?" akauliza.

Nyuma yetu lori likapiga honi. Nikamwambia kuna nafasi ya kuegesha kushoto, hatua ishirini, akaingia pale vizuri sana, akazima gari.

"Hapakuwa na ng'ombe," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. "Pembeni naona," akasema. "Mistari ya barabara naiona, ukuta naona. Katikati kuna doa. Nikikutazama sawasawa, huna uso."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu. Daktari kasema halitibiki."

"Na wanafunzi?"

"Wao wanasema, mimi nasikiliza. Hakuna aliyeumia."

"Bado."

"Mama..."

"Jumatatu mtoto wangu anashika usukani kwa mara ya kwanza. Asipoona kitu, nani atakiona?"

"Nitamsikiliza kama wengine." Kisha akapandisha sauti. "Nikiacha kazi hii mimi ni nani? Nikae chumba cha nyuma nikushikie kitambaa? Nilitaka niendeshe mara hii moja, mahali ambapo hakuna anayenijua. Zimebaki siku tano. Wewe sema tu."

Nilimhurumia. Na nilimchukia pia, kwa siku tisa za kunifanya macho yake bila kuniambia. "Sisemi tena," nikamwambia. "Hata neno."

Akawasha gari. Anajua mimi ni mkaidi, lakini na yeye si haba. Akateremsha kioo ili asikilize magari, akawasha taa ya kuashiria. "Kuna kitu?" akauliza. Nikafumba mdomo. Lori likapita, akalihesabu kwa masikio. Kukawa kimya. Akaachia breki, pua ya gari ikaingia barabarani.

Baiskeli haina honi ya lori wala ngurumo. Ilikuwa inateremka mlima kasi, mpandaji ameinama, na ilikuwa imenyooka kuja kwetu.

"Mtu!" nikapiga kelele. "Mtu! Simama!"

Alisimama. Baiskeli ilipinda ikaupita uso wa gari kwa upana wa kiganja, na kofi likatua juu ya boneti. Ikaendelea kuteremka, ikayumba, ikakaa sawa, ikapotea kwenye kona.

Mwalimu alirudisha gari nyuma taratibu, akazima. "Alikuwa nani?"

"Msichana."

"Mkubwa?"

"Sawa na wetu."

Akafungua mkanda, akachomoa ufunguo na kuuweka mapajani mwangu. "Mpigie mtoto," akasema. "Mwambie atafute mwalimu mwingine."

Nikatoa simu, lakini sikujua nitamwanzaje. Akaichukua yeye. Akaishika mbele ya uso, akaipeleka kulia, akaipeleka kushoto, akaisogeza mpaka ikagusa pua. Kisha akanirudishia.