Hodi niliyompigia Margaret

Jamani, mwenzenu leo nimepiga hodi kwa Mwingereza bila kumwarifu.

Mchana tulikuwa maktaba, kile kikundi chetu cha kusoma vitabu. Sasa tuko kwenye riwaya ya Kirusi ya zamani, nene kama tofali. Margaret, bibi wa makamo yangu, akauliza: mbona watu wa humu kitabuni wanaingia tu majumbani kwa wenzao, tena wanakaa mpaka chakula cha usiku?

Wakacheka wote.

Nikasema, "Kwetu Unguja ndivyo tunavyoishi."

Margaret akanishika mkono. "Raha iliyoje! Na wewe njoo kwangu wakati wowote." Akanielekeza na nyumba, hapa hapa Kenton, upande wetu wa London.

Basi mimi nikaamini. (Msinicheke.)

Alasiri nikakaanga kalimati, nikafunika sahani, nikapanda basi.

Akafungua mlango nusu.

"Amina! Kuna nini? Umepatwa na jambo?"

"Sijapatwa na kitu. Nimekuja kukutazama tu."

Nikamnyooshea sahani.

Akaipokea sahani kwa mikono miwili, akashukuru sana, akaniomba siku nyingine nimtumie meseji kwanza. Kisha mlango ukafungwa polepole, kwa adabu zote.

Haya, niambieni, nilikosea wapi?

Tangu mume wangu afariki, mlango wangu unagongwa na watu wanaoleta vifurushi tu.

Sahani imebaki kwake. Kwetu sahani ya mtu hairudishwi tupu, lakini hii hata akiileta tupu, sawa.

Asitume meseji kwanza.

Apige hodi.