Kiatu Kilichohesabu Ngoma

Keti nikueleze, wala usiogope neno kompyuta. Ni jambo jepesi ukilifuata polepole. Miaka ile ya Zaire, kaka yangu aliyekuwa akisoma Ubelgiji alinitumia viatu vya kukimbilia. Kile cha kushoto kilikuwa na kidirisha cha kioo juu ya ulimi, na ndani ya soli, chini ya kidole gumba, kitu kilichohisi kila mara mguu ulipogusa ardhi. Kompyuta ilihesabu hatua, ikazidisha kwa urefu wa hatua yangu, ikaonyesha kilomita. Basi, hayo tu.

Nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya Kisangani, na nilitaka nafasi kwenye timu ya mkoa itakayokwenda kukimbia Kinshasa. Wangechukua wasichana watatu. Tonton, mdogo wake mama, ndiye aliyenifundisha. Asubuhi nilikimbia kuelekea daraja la Tshopo. Jioni yeye alisoma jumla ya siku, akapanga mazoezi ya kesho. Kila jioni aliona nimepita kiasi, akanipunguzia. Mimi pia niliamini. Mashine ya Ulaya ingekosea nini?

Wiki chache kabla ya mchujo, alinifuata kwa baiskeli. Hata darajani hatujafika, pumzi iliniishia, nikasimama karibu na akina mama wauza kwanga, ile mikate ya muhogo. Tonton akainama kutazama kiatu. Jioni zote kilionyesha umbali wa kwenda darajani na kurudi, na zaidi. Sasa kilomita zilikuwa chache mno. Akaniuliza nafanya nini kingine na viatu hivyo. Nikamjibu hakuna, ni kazi tu, na animasyon.

Wakati ule kila ofisi ilikuwa na kundi lake la animasyon, la kuimba na kucheza kukisifu Chama, chama pekee kilichoruhusiwa nchini. Sisi tulifanya mazoezi kila alasiri, nami nilicheza na viatu vyangu vipya.

"Cheza hapa," Tonton akasema.

"Hapa, Tonton? Mbele ya watu?"

"Cheza tu, mama."

Nikacheza bila ngoma, mahali pamoja, nikikanyaga kama tulivyofundishwa. Namba ikapanda.

"Mutoto, hata kiatu yako iko mu Chama?" mmoja wa wale wauzaji akauliza. Wenzake walitazama kwanza nyuma, ndipo wakacheka.

Tonton hakucheka. "Bon. Kilomita zote zenye niliona, ulizicheza. Haukuzikimbia."

Tangu siku hiyo nilicheza peku. Kiongozi wa kundi alinung'unika kwamba nalitia aibu. Nikamwambia viatu vinanibana. Tonton alinirudishia asubuhi ndefu, nazo zilinitesa. Siku ya mchujo nilifika wa tatu, wa nne akiwa karibu kunikanyaga kisigino.

Nawe ukipata kiatu cha namna hiyo, bonyeza kitufe mpaka kidirisha kionyeshe sifuri, kimbia, soma namba, kisha kivue kabla hujafanya jambo lingine lolote.